Wimbi na Wimbo

Walimu wenzetu watatuwia radhi tukianza habari hii na neno moja la kamusi, kwani ndiyo ada ya kazi yetu. Neno lenyewe ni kustaafu. Waarabu waliotupatia neno hili walikuwa na maana ya kuomba kusamehewa wajibu, na shina lake ni lile lile lililotuzalia afya na afua. Basi kwa asili ya neno, mstaafu ni mtu aliyemwendea mwenye kazi akamwambia, niwie radhi, niache sasa niende zangu. Tulilifundisha neno hili darasani miaka mingi pasipo kulitia moyoni, hadi Desemba mwaka 2024, mjomba wetu alipostaafu akarejea nyumbani Mella, nasi tukatakiwa na wazee wa ukoo kuandika risala ya kumpokea.

Mella ni gombolola katika Wilaya ya Tororo, upande wa Uganda, jirani na Malaba. Ukigeuka huku wauona Mwamba wa Tororo umesimama peke yake kama mgeni aliyesahauliwa na wenziwe. Ukigeuka kule, si mbali, ni Kenya. Wateso wako pande zote mbili. Mwaka 1902 Waingereza waliukata Mkoa wa Mashariki wa Uganda wakautia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya, na tangu hapo jamaa wa chungu kimoja wamekuwa raia wa nchi mbili. Malori hupanga foleni Malaba na watu huonyesha vitambulisho. Sauti ya redio haikupata kupanga foleni popote. Tulipokuwa watoto, redio ya nyumbani kwetu ilisema Kampala asubuhi na Nairobi jioni, na aliyekuwa akiigeuza hakutoka kitini.

Mjomba alitumikia serikali ya upande mmoja wa mpaka huu kwa muda wa miaka 38. Hatutasema ni upande upi, wala hatutaitaja ofisi yake. Katika habari hii inatuhusu kwa yale tu aliyoyafanya yeye. Watu wa Mella walimjua kwa jina la mtu wa redio. Wengi walidhani ni mtangazaji, wakawa wanashangaa kwamba sauti yake haijapata kusikika hata siku moja.

Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Alipanga, akakagua, na ilipobidi akanyamazisha, ili kila mwenye haki ya kusema hewani asikike pasipo kuingiliwa na mwingine. Tulipotaka kuiandika kazi hiyo katika risala kwa sentensi moja ya Kiswahili safi, kalamu ilisita. Tulimwendea yeye mwenyewe siku tatu kabla ya sherehe, tukamkuta chini ya mwembe akitazama saa ya ukutani aliyopewa na ofisi siku ya kuagwa. (Sijui ni nani aliyewafundisha wakubwa wa ofisi kwamba mtu asiyehitaji tena kuwahi kazini ndiye wa kupewa saa.) Tukamsomea rasimu yetu: kwamba mjomba alikuwa msimamizi wa masafa.

"Masafa gani?" akauliza.

Tukadhani hakusikia. Kumbe alikuwa na hoja aliyoitunza miaka mingi akingoja kumpata mwalimu wa lugha aliyekaa kitako. Masafa, alisema, maana yake ya asili ni umbali. Watangazaji wa zamani waliposema masafa mafupi na masafa ya kati walikuwa wakisema urefu wa wimbi, toka kilele hata kilele, nao walisema sawa. Siku hizi twasema kituo fulani kiko katika masafa ya 100, tukikusudia idadi ya mitetemo kwa sekunde, yaani megahezi 100. Sasa mambo hayo mawili hukimbiana. Wimbi likizidi kutetema upesi, urefu wake hupungua: wimbi la megahezi 1 lina mita 300, la megahezi 100 lina mita 3 tu. "Neno lenu hilo moja," akasema, "linapanda na kushuka kwa wakati mmoja. Mkilipata jingine mniletee."

Hatujalipata. Tumeliacha masafa kama lilivyo, maana umma umekwisha kulikubali, na sisi walimu twajua ni nani hushinda panapokuwa na ushindani kati ya mantiki na mazoea. Lakini tangu siku ile hatulifundishi tena kwa wepesi ule wa zamani, na tumeona si vibaya kuwaachia hoja hiyo wasomaji wa jarida hili.

Mjomba aliingia kazini mwaka 1986, akiwa na umri wa miaka 22 na cheti cha ufundi. Wakati huo shughuli za masafa, Kenya na Uganda, zilikuwa ndani ya mashirika ya posta na simu, na mashirika hayo yalikuwa yatima wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza. Kabla ya mwaka 1977 palikuwa na Shirika moja la Posta na Simu kwa nchi tatu, makao yake makuu Kampala. Wazee aliowakuta ofisini walikuwa wamefanya kazi wakati huo, mtu wa Kisumu akitumwa Mbale na wa Tororo akitumwa Dodoma, na wote walikuwa wakizungumza Kiswahili cha kazi, kile cha misumari na nyaya, kisicho na mapambo. Jumuiya ilipovunjika, wazee hao waligawanywa pamoja na nguzo za simu. Mapatano ya kugawana mali na madeni yalitiwa sahihi mwaka 1984, lakini haki za wafanyakazi ziliendelea kudaiwa miaka mingi baadaye, na wako waliokwenda kaburini na swali lao mkononi. Mjomba alisema hilo ndilo lililomfunza mapema kuweka nakala ya kila karatasi.

Kazi za mwanzo zilikuwa chache. Kila nchi ilikuwa na sauti moja: huku Redio Uganda, kule Sauti ya Kenya, ambayo mwaka 1989 ilikuja kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya. Waliobaki hewani ni polisi, hospitali za misheni, viwanda vya sukari, mbuga za wanyama na teksi za mijini, kila mmoja na redio yake ya kupokezana maneno. Kisha mwaka 1993 Uganda ikaruhusu redio za watu binafsi, Sanyu na Capital zikafungua njia. Nairobi ikafuata mwaka 1996. Kila nchi ikaunda tume yake ya kusimamia mawasiliano, Uganda kwa sheria ya mwaka 1997 na Kenya kwa sheria ya mwaka 1998. Leo Uganda pekee ina vituo zaidi ya 200 vya redio. Vituo vyote hivyo, pamoja na vya majirani, hukaa katika uchochoro mmoja mwembamba, tangu megahezi 87.5 hata 108, ambao mataifa yaligawana kwa mapatano ya Geneva mwaka 1984. Mapatano hayo ndiyo huamua ni mnara upi useme kwa nguvu gani, kutoka juu ya kilima kipi, ili usimeze sauti ya jirani ng'ambo ya mpaka.

Tulimwuliza kwa nini tuseme kumeza. Akaeleza jambo ambalo lilitukaa moyoni. Katika mawimbi ya kati, vituo viwili vikigongana utavisikia vyote viwili, kimoja kikipiga mluzi juu ya kingine. Katika FM sivyo. Chombo cha kupokelea hushika lile wimbi lenye nguvu zaidi na kulitupa lililo dhaifu, hata msikilizaji asijue kwamba palikuwa na mtu mwingine akisema. "Mnyonge wa FM," alisema, "hasikiki hata akilia."

Sasa yatubidi tuseme jambo ambalo risala haikulisema, nalo ndilo lililotusukuma kuandika makala haya.

Mwaka 2011 sisi tulikuwa na miaka michache tu tangu kupata stashahada ya ualimu. Palikuwa na kijana mmoja, mwanafunzi wetu wa zamani, ambaye hesabu alizijua lakini karo hakuwa nayo, akaishia kidato cha nne. Kijana huyu aliunda kwa mikono yake mtambo wa kurushia matangazo. Vipuri vyake vilitoka katika redio mbovu na runinga zilizokufa, antena yake ilikuwa mabomba ya maji yaliyofungwa juu ya mti, na studio ilikuwa kibanda nyuma ya duka. Kila jioni kuanzia saa kumi na mbili hata saa mbili usiku alitangaza kwa Kiteso: misiba, ng'ombe waliopotea, siku za gulio, salamu, na nyimbo. Nani asingefurahi? Mama mzima aliyekuwa hajapata kusikia lugha yake ikitoka katika chombo alikuwa akiiinamia redio kama anayenong'onezwa siri.

Kijana alitujia na ombi. Wachuuzi wa Malaba walitaka Kiswahili. Wenzetu wa Kenya na Tanzania huenda wasielewe uzito wa ombi hilo. Katika Uganda lugha hii ilikuwa kwa miaka mingi ikihesabiwa kuwa ni ya askari. Idi Amin aliitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973 na sifa hiyo ikazidi kuichafua kuliko kuisafisha. Katiba iliirudisha mwaka 2005 kuwa lugha rasmi ya pili, lakini katika karatasi, na Baraza la Mawaziri lilipoamua mwaka 2022 kwamba ifundishwe shuleni kwa lazima, sisi wa mpakani tulikuwa tumekwisha kuihitaji siku nyingi ili tupate kuuza nyanya. Basi tulikubali. Kila Jumapili tulirekodi somo la nusu saa, na kila Jumatano, saa mbili kamili, badala ya kufunga kituo, kijana alilirusha somo letu hewani. Hatukuuliza habari za leseni. Tukisema kweli, hatukutaka kujua.

Jumatano moja tulikuwa nyumbani, tumeketi kando ya redio tukijisikiliza wenyewe, kwani majivuno ni sehemu ya ualimu. Somo lilihusu ngeli, na mfano tuliouchagua ulitupendeza mno: tofauti ya wimbo na wimbi. Wimbo huu, nyimbo hizi. Wimbi hili, ma… Hapo sauti yetu ikakatika. Tulidhani umeme umekwenda. Kumbe gari lilikuwa limesimama nyuma ya lile duka, na ndani ya gari alikuwamo mjomba wetu.

Marubani walikuwa wamelalamika. Juu tu ya megahezi 108, pale uchochoro wa FM unapoishia, ndipo huanza masafa ya ndege, kwanza vyombo vya kuwaongoza, kisha mazungumzo yao na viwanja. Mtambo wa kijana haukuwa na kichujio cha haja. Mbali na wimbi lake halali, kama twaweza kulisema halali, ulimwaga takataka huku na huku, na takataka hizo zilifika kwa rubani anayengoja kuambiwa ashuke au asishuke. Nyimbo zetu za jioni zilikuwa masikioni mwake. Hata mitambo miwili iliyo mizuri ikikaa vibaya karibu karibu yaweza kuzaa wimbi la tatu lisilotakiwa na mtu. Mjomba alituchorea hesabu yake mchangani: chukua kituo cha 106.5, kikunje mara mbili upate 213, toa jirani yake wa 91.5, inabaki 121.5. Na 121.5 ndiyo sauti ya dunia nzima ya kuomba msaada angani.

Kumtafuta mrushaji wa namna hiyo si uchawi. Husimama mahali pamoja na antena yenye kuonyesha upande, ukapiga mstari katika ramani. Ukaenda mahali pa pili, mstari wa pili. Ukaenda pa tatu. Mistari ikutanapo ndipo alipo mtu wako. Hapa kwetu pana tatizo moja zaidi: mara nyingine mistari hukutana ng'ambo ya mpaka, na hapo hutakiwi kuvuka, hurudi ofisini ukawaandikia wenzio wa nchi ya pili barua, nao hutoka kwa wakati wao. Mara ile mistari ilikutana upande wake. Kijana alilala mahabusu siku mbili, akaonywa, akaachiliwa. Mtambo haukurudi.

Sisi tulimnunia mjomba. Hatukugombana naye, maana mjomba hagombwi, lakini salamu zetu zikawa fupi na ziara zetu zikawa za misiba tu. Machoni petu alikuwa mtu aliyeiziba midomo ya watu wake mwenyewe. Na yaliyotokea duniani yalitupa hoja. Tulikuwa na kumbukumbu ya Septemba mwaka 2009, CBS ya Buganda ilipofungwa Kampala, ikakaa kimya hadi Oktoba 2010. Kisha tarehe 30 Januari mwaka 2018 runinga kubwa za Kenya zikazimwa kwa siku kadhaa kwa sababu ya kiapo cha Raila Odinga. Mwezi uliofuata tulikutana na mjomba katika matanga, na hapo tukashindwa kujizuia. Tukamwambia kwamba katika mambo yale mawili hakuna ndege iliyosumbuliwa, wala wimbi lililotoka njiani. Kilichoonekana kuwa na kosa ni maneno.

Hakukana. Alisema, "Mpwa wangu, mnara una ufunguo mmoja. Anayeushika kwa ajili ya ndege ndiye huyo huyo anayeushika kwa mengine." Kisha akatukumbusha Kigali. Redio ya RTLM, iliyowaita watu wauane mwaka 1994, haikuwa redio ya kuibia kama ile ya kijana wetu. Ilikuwa na ruhusa, ilianza mwaka 1993 mchana kweupe, na karatasi zake zilikuwa safi. Mchana ule tulidhani anatujibu. Baadaye tulipoyapima maneno yake tuliona alikuwa akijiuliza. Kama karatasi safi haziwezi kuizuia redio ya mauaji, na kama ufunguo wa kuwalinda marubani hutumika kuwanyamazisha watangazaji, fundi aliyeutunza ufunguo huo miaka yote ajiweke upande gani? Sisi hadi leo hatukubali kwamba ufundi wa mtu wamwondolea dhima. Lakini twakiri kwamba swali hilo yeye alikuwa amekaa nalo muda mrefu zaidi kuliko sisi.

Siku ya sherehe watu walifurika. Walikuja wa Tororo na wa Busia zote mbili, Wateso, Wapadhola, Wasamia, Waluhya, na mawakala wa forodha wa Malaba ambao kabila lao hasa ni haraka. Kwa sababu hiyo risala ilisomwa kwa Kiswahili. Tulisoma kwamba mjomba alilinda anga letu, na watu wakapiga makofi, na sisi tukajisikia wanafiki. Vipaza sauti tulivikodi kutoka kwa yule yule kijana, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye duka la kutengeneza simu pale Malaba. Alimleta mdogo wake na vyombo. Yeye hakuja.

Usiku wageni walipopungua tulibaki wachache kuzunguka chungu cha ajon, kila mtu na mrija wake mrefu. Wasioijua desturi hii wajue kwamba pombe hiyo ya wimbi hunywewa kwa maji ya moto yanayoongezwa mara kwa mara, na kwamba mrija una faida moja kuu kuliko bilauri: anayenyonya hawezi kusema, na hivyo mazungumzo huwa na vituo. Katika kituo kimoja cha namna hiyo mjomba alianza kutuhadithia habari za saa. Zamani, alisema, katika vyumba vya redio vya kusikilizia meli, saa ya ukutani ilikuwa na vipande vilivyopakwa rangi, vyekundu na vya kijani, kila kimoja dakika tatu. Mshale ukiingia katika kipande, sharti kila mrushaji wa masafa yale anyamaze na asikilize, kwani huenda pana chombo kidogo mahali kinazama na sauti yake ni dhaifu. Desturi hiyo ilikwisha mwaka 1999 vyombo vipya vilipochukua kazi. Alisema angepaka rangi saa yake ile mpya.

Kisha akanyonya, akauweka mrija.

"Nilikujua tangu neno la kwanza," akasema. "Ile Jumatano. Nilikuwa nimevaa vipokea sauti masikioni. Siku nyingine alikuwa akizima saa mbili, nami nilikuwa nimebakiza mstari mmoja. Nusu saa yako ndiyo iliyonipa mstari wa tatu."

Hatukuwa na la kusema. Mrija ulitusaidia.

"Katika taarifa nilitakiwa nieleze sauti zilizosikika," akaendelea. "Niliandika: sauti ya mtu mzima, haikutambuliwa. Miaka 38 nimeandika taarifa, na uongo ni huo mmoja. Ungalifukuzwa kazi. Na yule kijana aliulizwa mbele yangu, mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu: nani huyu anayefundisha? Akasema ni kanda aliyoiokota sokoni. Akarudishwa ndani kwa usiku wa pili. Kama angesema jina, angetoka siku ile. Nami nilikuwa nimesimama pale, nalijua jina."

Akauchukua tena mrija wake. Hatukumwuliza kama anajuta. Sisi hatukuwa watu wa kuuliza. Kwa miaka 13 tulikuwa tumemhukumu mtu mmoja kwa kunyamazisha, ilhali wawili walikuwa wamenyamaza kwa ajili yetu, mmoja wao akilala sakafuni. Na kijana yule tulikuwa tukikutana naye Malaba mara kwa mara. Tulimwamkia, tulinunua kwake chaja ya simu, hata siku moja tuliomba punguzo la bei.

Mwezi Januari mjomba alitutaka tumpeleke dukani kwake. Sababu aliyoitoa ni redio yake ndogo ya betri, iliyokuwa ikikatika katika. Mtu aliyeshinda miaka 38 na vyombo vya kupimia mawimbi hashindwi kuilehemu redio, nasi hatukumwambia kwamba tumelitambua hilo. Tulikwenda kwa bodaboda mbili. Kijana alituona, akainuka, akamletea mzee kiti, akasema "Karibu, Mzee," kwa adabu isiyo baridi wala moto. Akaifungua redio bila kuuliza hitilafu yake.

Tulisimama tukamwambia lile tulilopaswa kumwambia mwaka 2011. Hatutaliandika hapa. Lilikuwa fupi, na Kiswahili chake hakikuwa kizuri. Yeye alikuwa ameinamia kazi, moshi wa risasi ukimpanda usoni. Aliligusa tone moja, akalipuliza, akaligusa la pili.

"Mwalimu," akasema bila kuinua macho, "wateja walinisumbua mwezi mzima. Walikuwa wakija kuniuliza dukani: wimbi hili, ma-nini? Nikawaambia ngojeni mwalimu amalize."

Tulifungua kinywa tumjibu, lakini mjomba, aliyekuwa ameketi na kofia yake gotini, alitutangulia.

"Mawimbi haya," akasema.

Kijana akaipachika betri, akaizungusha sindano taratibu toka mwanzo hata mwisho, Kampala, Mbale, Bungoma, zote zikasema. Akataja shilingi elfu kumi. Mjomba akazilipa, akaomba risiti, naye akaandikiwa.